Kitabu Kikihamishwa Rafu: Hesabu ya Swali la Msomaji

Mahindi yakishaingia ghalani, kazi ya mkulima haijaisha. Yuko mdudu aitwaye dumuzi, ambaye wakulima wengi wa Tanzania walimpa jina la Scania, kama lile lori kubwa. Asili yake ni Amerika ya Kati, na nchini Tanzania alianza kujulikana katika sehemu za Tabora karibu na mwanzo wa miaka ya 1980. Dumuzi akiachwa bila kuzuiwa, huyageuza magunzi na punje kuwa unga katika muda wa miezi michache. Kwa hiyo mkulima anayetaka kujua namna ya kuhifadhi nafaka yake anahitaji maarifa hayo mapema, kabla ghala halijashambuliwa.

Ichukuliwe basi mfano wa mkulima wa Mpitimbi, katika Wilaya ya Songea, Mkoa wa Ruvuma, mkoa ambao ni miongoni mwa ile inayovuna mahindi mengi zaidi nchini. Mkulima huyo anakwenda kwenye chumba cha maktaba ya kijiji kutafuta kijitabu cha hifadhi ya nafaka. Miaka yote alikikuta katika rafu iliyoandikwa MAHINDI, mkono wa kushoto wa mlango. Safari hii rafu hiyo haipo. Mahali pake pana vitabu vyenye namba migongoni, na kijitabu anachokitaka hakionekani. Anamgeukia mwalimu aliyekabidhiwa maktaba na kuuliza: "Mwalimu, vitabu vyetu vya mahindi vimekwenda wapi? Na vimehamishwa kwa faida ya nani?"

Maktaba hiyo ni ya mfano tu, imebuniwa kwa ajili ya somo hili. Lakini swali la mkulima ni la kweli, na limepata kuulizwa katika maktaba kubwa na ndogo za nchi nyingi. Mara nyingine wakutubi hulichukulia kuwa ni manung'uniko ya watu waliozoea mambo ya zamani. Mara nyingine wasomaji nao huyaona mabadiliko yote kuwa ni usumbufu usio na maana. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba swali hilo ni swali la kisayansi, nalo laweza kupimwa na kujibiwa kwa hesabu.

Kwa nini vitabu hupangwa

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Maktaba ni mali ya namna hiyo. Kitabu kisichoweza kupatikana wakati kinapotakiwa hakina tofauti na kitabu kisichokuwapo.

Ichukuliwe kuwa maktaba ina vitabu 2,000 vilivyowekwa bila mpango wowote. Msomaji anayetafuta kitabu kimoja hana budi kuvitazama kimoja baada ya kingine. Akiwa na bahati atakipata mwanzoni. Akikosa bahati atakipata mwishoni. Kwa wastani atatazama vitabu 1,000 hivi. Iwapo kila kitabu kitamchukua sekunde 3, atatumia sekunde 3,000, yaani dakika 50.

Sasa vitabu hivyo hivyo 2,000 vipangwe kwa mfuatano unaojulikana, kwa mfano wa namba. Msomaji hufungua katikati ya safu. Akiona namba anayoitaka iko mbele zaidi, huiacha nusu ya nyuma yote. Nusu iliyobaki ina vitabu 1,000. Huigawa tena, vikabaki 500, kisha 250, kisha 125, na kuendelea. Kila hatua hupunguza kazi kwa nusu. Baada ya hatua 11 tu hubaki kitabu kimoja, kwa sababu 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara 11 hutoa 2,048, idadi iliyozidi 2,000.

Hatua 11 badala ya 1,000: hiyo ndiyo faida ya mpango. Lakini yafaa ieleweke kwamba faida hiyo ina sharti. Msomaji lazima aujue mfuatano uliotumika. Mpango asioujua msomaji, kwake ni sawa na fujo, na atarudi kutazama kitabu kimoja kimoja. Hapo ndipo chanzo cha malalamiko mengi kilipo. Mabadiliko ya mpango humrudisha msomaji mzoefu, kwa muda, katika hali ya mtu asiyejua mfuatano wowote.

Mahali pa kudumu na mahali pa uhusiano

Zamani maktaba nyingi zilikipa kila kitabu mahali pa kudumu: chumba fulani, rafu fulani, nafasi ya tano kutoka kushoto. Njia hiyo ilikuwa rahisi mpaka rafu ilipojaa. Vitabu vipya vya somo lile lile vilipelekwa mbali, na endapo rafu zilihamishwa, orodha yote ilipaswa kuandikwa upya.

Katika mwaka 1876 Melvil Dewey, kijana wa miaka 24 aliyekuwa akifanya kazi katika maktaba ya Chuo cha Amherst huko Marekani, alichapisha kijitabu cha kurasa 44 kilichoeleza njia nyingine. Namba haikubandikwa tena kwenye rafu. Ilibandikwa kwenye kitabu kwa kufuata somo lake. Kitabu kilipata mahali pake kwa uhusiano na jirani zake. Kwa hiyo rafu zingeweza kuongezwa au kuhamishwa, na mfuatano ukabaki ule ule.

Dewey aliyagawa maarifa katika mafungu 10. Fungu la 000 ni la maarifa ya jumla, 100 falsafa na saikolojia, 200 dini, 300 elimu ya jamii, 400 lugha, 500 sayansi na hisabati, 600 ufundi na sayansi za matumizi, 700 sanaa na michezo, 800 fasihi, na 900 historia na jiografia. Kila fungu hugawanywa mara 10, na kila sehemu mara 10 tena. Kilimo, kwa mfano, ni 630. Mazao ya shambani ni 633. Mahindi ni 633.15, mpunga ni 633.18, tumbaku ni 633.71, na kahawa ni 633.73.

Hapa wasomaji wengi hukosea. Namba zinazofuata nukta husomwa kama desimali, si kama namba kamili. Kwa hiyo 633.15 hutangulia 633.2, ijapokuwa 15 ni kubwa kuliko 2. Anayetaka kuhakikisha na aongeze sifuri: 633.15 na 633.20. Mara moja ataona ipi ni ndogo. Kosa hili dogo la kusoma desimali laweza kumfanya msomaji aamini kwamba kitabu kimepotea, na hali kiko mbele ya macho yake. Laweza pia kumfanya msaidizi wa maktaba akirudishe kitabu mahali pasipo pake, na hapo kitakuwa kimepotea kweli.

Somo moja, rafu nyingi

Mkulima wa Mpitimbi alikuwa na rafu moja ya MAHINDI. Kwa nini vitabu vyake vilitawanyika? Sababu ni kwamba mpango wa Dewey hauulizi kwanza kitu gani kinazungumzwa. Huuliza kwanza kitu hicho kinazungumzwa kwa upande wa taaluma gani. Vitabu vinavyohusu mahindi vitakwenda hivi:

Kupanda na kutunza mahindi shambani: 633.15.
Kazi za kilimo kwa jumla, pamoja na kuvuna na kuhifadhi mazao: 631.5.
Wadudu na magonjwa ya mimea kwa jumla: 632.
Biashara ya mazao: 380.
Usindikaji wa vyakula: 664.
Upishi: 641.5.

Mpango wa zamani wa kijiji uliviweka pamoja vitabu vyote vya zao moja na kutenganisha vile vya wadudu katika kila zao. Mpango mpya unaviweka pamoja vitabu vya wadudu wa mimea kwa jumla na kutenganisha vile vinavyohusu zao moja. Hakuna mpango unaoweza kukusanya kwa njia zote mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu kitabu ni kitu chenye mwili, nacho hukaa mahali pamoja tu. Kila ukikusanya kwa upande mmoja, unatawanya kwa upande mwingine. Hii si dosari ya Dewey peke yake. Ni tabia ya kila uainishaji wa vitu ambavyo vina sifa zaidi ya moja.

Dewey alilitambua tatizo hilo tangu mwanzo, na dawa aliyoitoa ilikuwa fahirisi. Katika fahirisi, neno moja kama "mahindi" huonyesha namba zote ambako habari zake zimetawanyika. Rafu hutawanya na fahirisi hukusanya. Kwa hiyo maktaba inayobandika namba mpya bila kumpa msomaji fahirisi katika lugha anayoielewa imefanya nusu ya kazi, na nusu iliyoachwa ndiyo ya msomaji.

Mpango huonyesha aliyeupanga

Liko jambo jingine linaloyapa uzito maswali ya wasomaji. Hakuna uainishaji wa maarifa ulioanguka kutoka mbinguni. Kila mmoja ulitungwa na watu wa mahali fulani, wakiwa na vitabu fulani mbele yao.

Katika fungu la lugha, Kiingereza kilipewa 420, Kijerumani 430, Kifaransa 440, Kiitalia 450, Kihispania 460, Kilatini 470 na Kigiriki 480. Lugha nyingine zote za dunia ziliwekwa katika 490. Kwa sababu hiyo Kiswahili huangukia 496.392, na fasihi yake 896.392. Katika fungu la dini, namba kuanzia 220 hadi 280 zilikaliwa na Ukristo, na dini nyingine zikabanwa katika 290. Uislamu ni 297. Maktaba ya Amherst ya karne ya 19 haikuona ubaya wa jambo hilo, kwa kuwa ndivyo vitabu vyake vilivyokuwa. Lakini maktaba ya Tanzania, ambamo vitabu vya Kiswahili ndivyo huombwa na wasomaji wengi, huandika namba ndefu kwa vitabu vinavyotumika sana na namba fupi kwa vile visivyoguswa.

Watunzaji wa mpango wa Dewey wenyewe waliacha mlango wazi. Kanuni zake zinaruhusu maktaba kuipa lugha ya nchi namba fupi, ama kwa kutumia 410, ama kwa kutumia herufi na kuiweka lugha hiyo mbele ya 420. Fasihi nayo yaweza kutumia 810 kwa namna hiyo hiyo. Ruhusa hiyo ina bei yake, kwa maana maktaba inayoitumia hutofautiana na nyingine, na msomaji anayehama kutoka moja kwenda nyingine hukutana na namba mbili za kitabu kimoja.

Mabadiliko yalipokataliwa

Si wasomaji tu waliopata kuhoji mabadiliko. Wakutubi wenyewe walipata kuyakataa.

Katika toleo la pili la mwaka 1885, Dewey aliwaahidi watumiaji kwamba namba zilizokwisha kutolewa hazitabadilishwa ovyo. Alifahamu kwamba maktaba iliyokwisha kubandika namba zake haiwezi kubandua kila toleo jipya linapotoka. Ahadi hiyo ndiyo iliyozifanya maktaba nyingi ziuamini mpango wake.

Lakini elimu haikai mahali pamoja. Toleo la 14, la mwaka 1942, lilikuwa na vipengele zaidi ya 31,000, na sehemu zake nyingi zilikuwa zimepitwa na wakati. Wahariri wa toleo la 15, la mwaka 1951, waliamua kusafisha. Walipunguza vipengele hadi 4,700 hivi, na masomo mengi wakayahamishia namba nyingine. Kwa macho ya mtaalamu kazi hiyo ilikuwa na hoja nzuri. Hata hivyo maktaba nyingi ziliikataa, zikaendelea kutumia toleo la 14. Zilihesabu vitabu vilivyokuwa rafuni, kadi zilizokuwa katika orodha na wasomaji waliokwisha kuzoea, zikaona gharama imezidi faida. Toleo la 16, la mwaka 1958, lilirudisha sehemu kubwa ya namba na maelezo yaliyokuwa yameondolewa.

Isidhaniwe kwamba fundisho la kisa hicho ni kukataa kila badiliko. Vitabu vya kompyuta vilitokea baada ya mafungu kukamilika, vikatafutiwa nafasi palipokuwa na upenyo, vingi katika 001.64. Namba hiyo ilirefuka kila somo lilipokua. Mwaka 1985 ulitolewa mpango mpya wa kuvipa 004, 005 na 006, namba ambazo hazikuwa na kazi. Badiliko hilo nalo lilikuwa na gharama, lakini lilipokelewa, kwa sababu hali ya zamani ilikuwa imeshindwa waziwazi na nafasi mpya haikumwondoa mkazi yeyote.

Wako pia waliokwenda upande mwingine kabisa. Mwaka 2007 maktaba ya Perry, katika mji wa Gilbert, Arizona, huko Marekani, ilifunguliwa bila namba za Dewey. Vitabu vilipangwa chini ya majina ya masomo, kama ilivyo katika duka la vitabu. Hivyo maktaba ya Marekani iliacha namba na kufuata majina, wakati ambapo kijiji cha mfano wetu kinaacha majina na kufuata namba. Ni dhahiri kwamba mpango bora kwa mahali pote na kwa nyakati zote haupo. Upo tu mpango unaofaa idadi fulani ya vitabu, wasomaji fulani na kazi fulani.

Hali ya Tanzania

Tanzania ilianza kujenga huduma ya maktaba ya umma ya taifa zima kwa sheria ya mwaka 1963. Maktaba Kuu ya Taifa, jijini Dar es Salaam, ilifunguliwa rasmi na Rais Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Sheria mpya ya mwaka 1975 ilipanua madaraka ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Katika miaka hiyo hiyo kampeni za elimu ya watu wazima zilieneza vitabu vijijini. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima; kampeni ya "Mtu ni Afya" ilifanyika mwaka 1973, na ya "Chakula ni Uhai" ikafuata mwaka 1975. Vitabu vya kisomo chenye manufaa vilimfundisha mtu kusoma kwa kutumia kazi yake mwenyewe, kama vile kilimo cha pamba, utunzaji wa migomba, ufugaji au uvuvi. Maktaba za vijiji zilihitajika ili wale waliokwisha kujua kusoma wasije wakasahau kwa kukosa vitabu.

Historia hiyo ina maana kwa somo la leo. Kijitabu cha "Mtu ni Afya" kilipangwa wapi? Kingeweza kuwekwa pamoja na vitabu vya afya, katika 613 au 614, kando ya vitabu vya Kiingereza. Kingeweza kuwekwa katika rafu ya Kiswahili peke yake. Kingeweza pia kuwekwa katika rafu ya kisomo. Daktari, mwanafunzi na mkulima kila mmoja angekwenda kukitafuta mahali tofauti, na kila mmoja angekuwa na sababu.

Swali la namna hiyo halikuishia vijijini. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu maalumu ya vitabu vinavyohusu Afrika Mashariki. Faida yake ni kwamba maandishi ya nchi hizi hutunzwa pamoja na kulindwa. Upande wa pili ni kwamba msomaji wa kilimo hana budi kukumbuka kutafuta mara mbili: mara moja katika kilimo kwa jumla, na mara ya pili katika kilimo cha nyumbani kwake.

Namna ya kulipima swali

Ikiwa kila mpango hutawanya kitu fulani, yafaa mtu aamueje? Mabishano ya maneno hayatatosha, maana msomaji mzee atautetea aliouzoea na mkutubi atautetea alioufundishwa. Hapana budi kupima. Maktaba ya kijiji inaweza kufanya jaribio kamili kwa saa, kalamu na daftari.

Kwanza, kabla ya kugusa rafu yoyote, uandikwe muda ambao wasomaji hutumia kutafuta. Wachaguliwe wasomaji 20, na kila mmoja apewe maswali 5 ya kweli, kama vile "tafuta kitabu kinachoeleza kuzuia dumuzi". Hayo ni majaribio 100. Kwa kila jaribio yaandikwe mambo mawili: dakika zilizotumika, na kama kitabu kilipatikana au la. Jambo la pili lina uzito kuliko la kwanza. Anayechelewa kwa dakika 5 hupoteza dakika 5, bali anayekata tamaa na kurudi nyumbani mikono mitupu hupoteza kitabu kizima.

Pili, miongoni mwa wasomaji hao, 10 wawe wazoefu na 10 wawe wageni ambao hawajapata kuitumia maktaba. Hili ndilo jambo linalosahauliwa mara nyingi. Mzoefu hupata kitabu upesi katika mpango wa zamani, si lazima kwa sababu mpango ni mzuri, bali kwa sababu miguu yake imekwisha kuijua njia. Akipimwa yeye peke yake, mpango wa zamani utashinda daima. Wageni wakipimwa peke yao, tabu ya wazoefu haitaonekana. Makundi mawili yakipimwa, mazoea na ubora hutengana.

Tatu, jaribio lirudiwe mara mbili baada ya mabadiliko: katika wiki ya kwanza, na tena baada ya wiki 8. Maswali yawe mapya, lakini ya ugumu ule ule, ili majibu ya awali yasikumbukwe.

Ichukuliwe, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba wazoefu walitumia wastani wa dakika 4 kabla ya mabadiliko, dakika 9 katika wiki ya kwanza, na dakika 3 baada ya wiki 8. Anayetazama wiki ya kwanza peke yake atasema mpango mpya umeshindwa. Anayetazama wiki ya nane peke yake atasema umeshinda. Hesabu ya haki hutazama gharama yote.

Kubandika namba mpya, kuandika kadi na kurudisha kitabu kimoja mahali pake kunaweza kuchukua dakika 6. Kwa vitabu 2,000 hizo ni dakika 12,000, yaani saa 200, au siku 25 za kazi ya saa 8. Ikiwa kila kitabu kina kadi 3, ya mwandishi, ya jina la kitabu na ya somo, kadi 6,000 zitaguswa. Ikiwa maktaba hupata watafutaji 20 kwa siku, na kila mmoja anapoteza kwa wastani dakika 2 katika siku 48 za wiki 8 za kuzoea, dakika nyingine 1,920 zitapotea. Jumla ni dakika 13,920. Baada ya hapo kila mtafutaji huokoa dakika 1, yaani dakika 20 kwa siku. Gharama yote italipwa baada ya siku 696 za kufunguliwa maktaba, ambazo ni zaidi ya miaka 2.

Je, yafaa kusubiri miaka 2? Maktaba ikitarajia kukaa miaka 20, huenda yafaa. Ikitarajia kubadili tena mpango baada ya miaka 2, hakika haifai. Aidha kuna faida zisizoonekana katika saa. Kijana wa Mpitimbi akiizoea namba 633.15 kijijini, ataikuta namba hiyo hiyo katika kila maktaba inayoufuata mpango huo, mjini Songea au Dar es Salaam. Vitabu vinaweza kuazimwa kutoka maktaba moja hadi nyingine bila kubandikwa upya. Faida hizo ni za wengi na huja polepole. Hasara ya siku za kwanza ni ya wachache na huja mara moja. Ndiyo maana mkulima ana haki ya kuuliza ni kwa faida ya nani.

Wajibu wa maktaba na wajibu wa msomaji

Maktaba inayobadili mpango yaweza kuipunguza sana hasara kwa njia zisizo na gharama kubwa. Itangaze mapema kinachobadilishwa na sababu yake. Ihamishe fungu moja baada ya jingine, si yote kwa siku moja. Mahali pa rafu ya zamani paachwe kibao kinachosema: "Vitabu vya kuhifadhi mazao kwa jumla sasa viko 631.5, vya wadudu wa mimea kwa jumla viko 632." Ukutani iwekwe fahirisi ya Kiswahili kwa maneno yanayotumiwa na wasomaji wenyewe. Mtu atatafuta "dumuzi" au "kihenge". Hatatafuta "operesheni za baada ya mavuno".

Aidha mezani liwekwe daftari ambamo kila anayekosa kitabu huandika alichokitafuta na mahali alipokitafuta. Daftari hilo ni chombo cha utafiti. Endapo watu 15 kati ya 20 wanatafuta hifadhi ya nafaka mahali pale pale pasipo na kitabu, kosa si la watu 15. Huo ni ushahidi kwamba kibao kinahitajika pale, au kwamba kitabu kirudishwe pale. Kompyuta, zilizochukua nafasi ya kadi katika maktaba nyingi, hazikuliondoa jambo hilo. Katika orodha ya kompyuta kitabu chaweza kutajwa chini ya masomo 10, lakini mwili wake bado hukaa rafu moja, na mtu lazima ainuke akakichukue.

Msomaji naye ana wajibu. Aseme alichokuwa akikitafuta, siyo tu kwamba hapendi. Ajifunze kusoma desimali na kutumia fahirisi. Aupe mpango mpya muda wa kupimwa kabla ya kuuhukumu.

Mnamo mwaka 1931 mtaalamu wa India, S. R. Ranganathan, alichapisha kanuni 5 za ukutubi. Ya kwanza inasema kwamba vitabu ni vya kutumiwa, na ya nne inataka muda wa msomaji uokolewe. Kwa kanuni hizo mbili mkulima na mwalimu wa Mpitimbi wanaweza kukaa meza moja. Mkulima anapouliza kitabu chake kimekwenda wapi, anatoa kipimo ambacho mwalimu hawezi kukipata kwa kutazama namba peke yake. Kuuliza si ujinga. Swali likiandikwa katika daftari na kuhesabiwa, linakuwa mwanzo wa elimu. Na kijitabu cha dumuzi kitapatikana kabla dumuzi hajaingia ghalani.

Maswali ya kujadiliana

1. Panga namba hizi kama zinavyopaswa kufuatana rafuni: 633.2, 633.15, 633.73, 632, 633.18.
2. Maktaba ina vitabu 500 vilivyopangwa kwa mfuatano wa namba. Kwa kugawa nusu kwa nusu, ni hatua ngapi zinazotosha kukipata kitabu kimoja?
3. Taja somo moja la kijijini kwako ambalo vitabu vyake vinaweza kukaa katika rafu tatu tofauti. Ni rafu ipi utakayoichagua, na ni wasomaji gani watakaopata tabu kwa uchaguzi wako?

Majibu: (1) 632, 633.15, 633.18, 633.2, 633.73. (2) Hatua 9, kwa kuwa 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara 9 hutoa 512. (3) Jibu litategemea wasomaji, wapimwe.